Mama Tobo na Kopo la Kijani

Mnadani kuna wauzaji wa aina mbili: wanaofunika tobo kwa kidole gumba wakati wanainua shati juu, na Mama Tobo.

Wa aina ya kwanza ni wengi mno na hawana haja ya kuelezwa. Utawakuta wamepanda juu ya meza, shati limekunjwa kwa ufundi ili doa liangukie ndani, jasho linawachuruzika, wanaapa kwa mama zao kwamba nguo hiyo ilivaliwa na waziri huko ilikotoka. Ukifika nyumbani ukaikunjua, waziri kumbe alikuwa fundi magari. Ukirudi kesho yake kulalamika, wanakutazama kama hawajapata kukuona tangu wazaliwe. Na usiku wanalala usingizi mzuri tu.

Mama Tobo alipanda meza ile ile na kuuza mitumba ile ile, lakini kazi aliianzia upande wa pili. Alichomoa gauni kwenye robota, akaligeuza ndani nje, akalipitishia macho mshono kwa mshono, halafu akapenyeza kidole kwenye tobo na kukichezesha hewani ili hata waliosimama nyuma wakione. "Tobo liko hapa! Kwapani, mkono wa kushoto! Mwenye sindano asogee, mvivu apite!" Baada ya hapo ndipo alipotaja kitambaa, urefu na bei. Sauti yake ilivuka soko lote ikafika mpaka kwa wauza samaki wakavu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa dhihaka, naye akalivaa kama kitenge kipya.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," walimtania. "Sasa wewe mwenzetu unakitembeza kibaya na kukisema juu!"

"Kikitembezwa uchi hakuna wa kuja kunidai," aliwajibu.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiuza vyungu. Mama huyo alikuwa akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole mbele ya mnunuzi ili ufa, kama upo, usikike. Hakuacha mali. Aliacha mazoea hayo ya kugonga, na binti yake akayahamishia kwenye nguo. Watu walinunua kwa Mama Tobo hata nguo mbovu, kwa sababu walijua ubovu wake unaishia pale alipousema.

Mumewe alikuwa Dereva, na mpaka leo anaitwa hivyo japo hajagusa usukani miaka mingi. Ujana wake wote aliumaliza kwenye malori, na malori nayo yakamaliza magoti yake. Alipostaafu, mwajiri hakumpa hata saa ya ukutani. Dereva akang'oa kiti kwenye lori bovu lililotupwa gereji, akakiweka barazani, na hapo ndipo alipokuwa akishinda, mguu mmoja juu ya kreti, akiyatukana magoti yake kwa majina ya matajiri aliowahi kuwafanyia kazi. Mama Tobo alimkanda kwa maji moto kila jioni. Walikuwa wanapendana, tena kwa kelele. Magoti yale yalimuuma yeye kuliko mwenyewe.

Sasa katika kila ukoo kuna mtu mmoja aliyezaliwa kuuza kitu asichokijua kwa watu wanaomjua. Katika ukoo huu alikuwa mdogo wake Dereva, aliyejiita Mkurugenzi. Alishauza bangili za sumaku za kuvuta uchovu. Alishauza vibandiko vya unyayoni vya kunyonya sumu. Alishauza sabuni ya kumfanya mtu akumbuke alichosahau, ila yeye mwenyewe alisahau kurudisha mtaji wa watu. Kila biashara ilikufa, isipokuwa tai. Tai ile nyekundu ilihama salama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine, na siku alipotokea barazani na kopo la kijani mkononi ilikuwa imening'inia kifuani kama kawaida yake.

"Kaka," alisema, "magoti haya ni aibu ya familia. Mimi sasa ni balozi wa afya. Unga huu ni mimea mitupu, vijiko viwili asubuhi, utacheza mpira."

"Nilikuwa sichezi mpira hata magoti yakiwa mazima," Dereva alimjibu.

"Shemeji," Mkurugenzi akamgeukia Mama Tobo, maana alijua mlango wa nyumba ile uko wapi, "njoo Jumamosi ukumbini, usikie mwenyewe. Usipoamini, mimi si shemeji yako."

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, wenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Mbele alisimama mtu waliyemwita Kocha. Hakuwa daktari, hakuwa mfamasia, hakuwa hata mganga wa kupiga ramli. Alikuwa na viatu vyenye ncha na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisema miili ya watu imejaa takataka. Alisema hospitali hazitaki watu wapone kwa kuwa zitafunga. Watu wazima wenye akili zao, wanaogombana na kondakta kwa ajili ya sarafu moja, walikuwa wakitikisa vichwa na kuandika.

Kisha ukafika wakati wa ushuhuda, na hapa ndipo palipokuwa na utaratibu wao. Pale hukungoja upone ndipo ushukuru. "Shukuru kwanza, upone baadaye," alifundisha Kocha. "Mwili husikia kinywa chako. Ukisema umepona, figo inasikia, goti linasikia." Anayetoa ushuhuda wa mbele alipewa kopo la bure. Ukumbi mzima uliona jambo hilo ni la imani, na hakuna aliyeliita kwa jina lake, ambalo ni uongo.

Mkurugenzi alimnong'oneza Kocha kitu, na Kocha akamtazama Mama Tobo. "Nasikia kuna mama hapa mwenye sauti ya dhahabu," alisema. "Soko zima linamwamini. Mama, njoo mbele."

Tusimwonee, aliuliza. Alilishika kopo, akaligeuza chini juu kama anavyogeuza soksi, akauliza mbele za watu, "Tobo lake liko wapi?"

Ukumbi ulicheka. Kocha naye alicheka, akamwekea mkono begani. "Mama, umeshaona wapi chakula kikawa na tobo? Hii si dawa. Ni mimea tu."

Chini ya kopo kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Miwani yake ilikuwa nyumbani juu ya friji. Mwanamke ambaye hakuwahi kuuza leso bila kuitazama kwenye mwanga aliyatazama maandishi yale, hakuyasoma, akayaacha. Alivikwa kilemba cha ukoka na kilemba kikamkaa vizuri. Akashika kipaza sauti, kitu ambacho sauti yake haikukihitaji, na Kocha akamsogelea sikioni akampa maneno.

"Mume wangu alikuwa hainuki!" Mama Tobo alinguruma. "Leo anapanda ngazi bila kushika ukuta! Msidanganyike na maumivu, jamani, uzima uko ndani ya kopo hili!"

Simu zilikuwa juu, zinarekodi. Watu walisimama kupiga makofi. Alirudi nyumbani na kopo la bure, shingo imenyooka, na Dereva alipoonyeshwa video na mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ngazi gani, mama watoto? Nyumba hii hata kizingiti haina."

"Ni ushuhuda wa mbele," alisema Mama Tobo, na yeye mwenyewe alisikia namna jibu lile lilivyokuwa la kijinga. "Kunywa basi, tusije tukaumbuka."

Akanywa. Na hapa shetani alionyesha ufundi wake, kwa sababu Dereva alipona. Wiki haikuisha, akaacha kreti. Akaenda msalani bila kuegemea. Akaja mpaka sokoni kwa miguu yake, akasimama chini ya meza ya mkewe mikono kiunoni, na soko likashangilia. Mama Tobo alilia mbele za watu. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli, na mtu ambaye uongo wake umegeuka kweli haulizi tena maswali. Dereva akajaa mashavu. "Amenawiri," walisema majirani. "Mtazame, amekuwa kama mtoto wa shule." Wangapi walinunua kopo kwa sababu ya mashavu yale, hakuna ajuaye, lakini Mkurugenzi alipandishwa cheo akavishwa beji ya Balozi wa Mwaka.

Kilichofuata kilikuja polepole. Mashavu yaliendelea kujaa hata pale yalipopaswa kutosheka. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mkojo ukapungua, ukawa wa rangi ya chai iliyolala. Mkurugenzi alipopigiwa simu alisema hizo ni takataka zinatoka mwilini, waongeze kijiko kimoja. Wakaongeza. Asubuhi moja Dereva alishindwa kupumua akiwa amekaa kwenye kiti chake cha lori, na majirani wakambeba.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza dawa anazotumia mgonjwa.

"Hakuna dawa yoyote, daktari," alisema Mama Tobo. "Anakunywa chakula tu."

"Chakula gani hicho kinachonywewa kwa kijiko cha kupimia?"

Mama Tobo aliinuka. Alienda nyumbani akaleta kopo. Safari hii alivaa miwani, akiwa kwenye benchi la wodi, akasoma yale mayai ya chawa: bidhaa hii si dawa, haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote, mtumiaji anatumia kwa hiari yake. Alirudia kusoma. Watu waliopanga ukumbi, wakakodi viti, wakamvalisha Kocha viatu vyenye ncha, wote walijua kwamba chini kabisa wameandika hivyo. Hasira ilimpanda hadi akasahau kulia.

Unga ulipelekwa maabara. Ndani ya ile mimea mitupu kulikuwa na dawa mbili kali ambazo hazikutajwa popote kwenye kopo: moja ya kuua maumivu, nyingine ya kushusha uvimbe, ile inayojaza watu mashavu. Ndiyo maana magoti yalipona. Daktari alieleza kwamba dawa hizo hutolewa kwa kipimo na kwa muda, tena mgonjwa akiangaliwa, na kwamba mzee alizimeza kila asubuhi kama uji. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Kuanzia siku hiyo Dereva angeishi kwa mashine ya kusafisha damu, na nani angeigharimia ndilo lilikuwa swali la nyumba nzima.

Kampuni ilipopigiwa simu ilikuwa na muziki mtamu wa kumsubirisha mtu. Muziki ulipoisha, simu ilikatika.

Wakili waliyempata alikuwa mama mfupi, mwenye ofisi juu ya duka la fotokopi, ambako sakafu ilitetemeka kila mashine zilipowashwa. Alisikiliza bila kupepesa.

"Bidhaa ikimdhuru mtu," alisema, "tunaifuata njia iliyopitia. Aliyeichanganya, aliyeiingiza, aliyeisambaza, mpaka yule aliyekukabidhi mkononi na kukuhakikishia ni salama. Kila aliyeipitisha kwa faida atasimama mbele ya jaji aseme alijua nini na alikuambia nini. Nani aliwakabidhi?"

"Shemeji yangu. Mdogo wa mume wangu, tumbo moja."

"Basi naye yumo."

Mama Tobo alitazama mikono yake. "Na mimi?"

"Wewe uliuza?"

"Sikuuza. Nilipiga mnada." Akaeleza habari ya ukumbi. Wakili aliweka kalamu chini.

"Ile video ndiyo watakayokupiga nayo," alisema. "Watakuvua nguo mbele za watu, mama. Ukishindwa kusimama, kesi imekufa, na mashine ya mzee italipiwa na mitumba. Niambie sasa kama utaweza."

Alisema atamuuliza mwenye figo. Dereva alikuwa kitandani, mrija mkononi, mashavu bado yamejaa kama ya mtu mwenye furaha. "Nenda," alisema. "Mimi hawawezi kuninywesha mara ya pili. Ila wapo wanaokunywa leo asubuhi kwa sababu ya ngazi zako."

Hilo la ngazi lilimkaa kifuani.

Mkurugenzi alipopata hati ya mashtaka alikuja mbio, tai imepinda. "Shemeji, kweli unanipeleka mahakamani mimi? Damu nzito kuliko maji!"

"Damu ya kaka yako inasafishwa na mashine," Mama Tobo alimwambia. "Hebu nijibu swali moja. Wewe huo unga uliwahi kunywa?"

"Mimi... mimi sina maumivu, shemeji."

"Hujanywa hata kijiko?"

Alitazama viatu vyake. Alikuwa mpumbavu, si muuaji, lakini mpumbavu mwenye beji hufanya kazi ya wauaji na kulipwa asilimia. Mama Tobo alimfungia mlango.

Mahakamani kampuni ilileta wakili mwenye miwani ya fremu ya dhahabu na sauti ya mtu anayeagiza chai. Utetezi wake ulikuwa rahisi. Kwanza, hiki si dawa, ni chakula, na ndivyo kilivyoandikwa. Pili, kampuni haikumuuzia Dereva chochote. Aliyemuuzia ni balozi huru, mtu anayejitegemea, ambaye kampuni haihusiki na maneno yake.

Mkurugenzi alikuwa ameketi hapo hapo, tai nyekundu na beji ya Balozi wa Mwaka, amevaa kwa heshima ya siku hiyo. Alipowasikia waliomvisha beji wakimruka kimanga, mdomo ulimlegea. "Lakini mlinipigia makofi," alisema kwa sauti, na karani akamnyamazisha. Pengine ungemwonea huruma. Mama Tobo alijaribu, hakuweza.

Tatu, wakili yule alisema, hata kama hayo yote si kweli, tumsikilize mke wa mdai mwenyewe. Akawasha video.

Sauti ilijaa chumba cha mahakama. Mume wangu alikuwa hainuki! Leo anapanda ngazi bila kushika ukuta! Uzima uko ndani ya kopo hili! Watu waligeuka kumtazama. Wengi walikuwa wa sokoni, waliokuja kumtia moyo. Muuza viatu mmoja, ambaye mama yake alikuwa amenunua kopo kwa sababu ya maneno hayo, aliinamisha kichwa asimwone.

"Hiyo ni sauti yako?" aliuliza wakili wa kampuni.

"Ni yangu."

"Ulikuwa unasema kweli?"

Watu wa aina ya kwanza wangejua la kufanya hapo. Kidole gumba kilikuwepo na tobo lilikuwepo. Angeweza kusema alipona kweli kwa muda, na asingekuwa amekosea sana. Alishika ukingo wa kizimba.

"Nilikuwa naongopa," alisema, kwa sauti yake ya mnadani.

"Mheshimiwa, sina swali zaidi kwa shahidi huyu mwongo," alisema wakili wa kampuni, akaketi, akapangusa miwani.

Wakili mfupi alisimama. "Siku ile unasema maneno hayo, mumeo alikuwa amekunywa vijiko vingapi?"

"Hata kimoja. Kopo lilikuwa halijafunguliwa."

"Nyumbani kwenu mna ngazi ngapi?"

"Hatuna ngazi. Hata kizingiti hatuna."

"Sasa maneno ya ngazi uliyatoa wapi?"

"Nilipewa sikioni na mwalimu wao, yule wa viatu vyenye ncha. Na kopo nilipewa kwa kuyasema. Kama ananibishia, mtazameni kwenye hiyo video yenu, ndiye aliyeinama hapo kushoto kwangu."

Jaji aliomba irudiwe. Kweli alikuwepo, mdomo sikioni mwa Mama Tobo, unacheza. Jaji aliitazama mara nyingine tena, na wakili wa kampuni akavua miwani ambayo ilikuwa tayari safi.

Hukumu ilisomwa kwa muda mrefu na kwa maneno magumu, ila kiini chake kilimfika kila mtu. Anayeweka kitu sokoni ili watu wakimeze anapaswa kujua kilichomo na kukisema. Kuita dawa chakula hakuifanyi iwe chakula. Maandishi yasiyosomeka hayamwoshi aliyeyaandika, hasa ikiwa mdomo wake mwenyewe unasema kinyume chake kwenye kipaza sauti. Kampuni ilimfundisha balozi la kusema na kula faida yake, kwa hiyo haiwezi kumkana leo. Walipe, kampuni sehemu kubwa, na balozi sehemu yake. Kisha jaji akaongeza kwamba waliotoa ushuhuda wa kitu wasichokijua hawashtakiwi hapa, lakini wasijione wamepona. Alisema hivyo bila kumtazama mtu, na Mama Tobo alijua anatazamwa.

Sokoni walimbeba juu kwa furaha. Walikuwa hawajui hila za kampuni. Ile kampuni ilikufa kabla hukumu haijakauka wino: ofisi tupu, muziki mtamu wa simu umenyamaza, mlangoni karatasi inasema wamehama. Wakili mfupi alianza kuwafukuzia mali zao, na anafukuzia mpaka leo. Mashine ya Dereva ililipiwa na mitumba, michango, na kaka wa Mama Tobo aliyeuza pikipiki yake bila kuombwa.

Siku moja asubuhi, Mama Tobo akiwa anafungua robota, alisikia mtu anapiga mnada upande wa wauza samaki wakavu. Sauti aliijua. Alisimama na blauzi mkononi, akasikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa msibani. Mume wangu alikuwa hainuki! Leo anapanda ngazi bila kushika ukuta!

Alifuata sauti. Chini ya mwavuli mpya kulikuwa na spika, meza, na makopo yamepangwa kama mnara. Yalikuwa ya bluu. Jina lilikuwa jingine, jani lililochorwa lilikuwa lile lile. Nyuma ya meza alisimama Mkurugenzi, na tai.

"Shemeji, usikasirike," aliwahi kusema. "Hii ni fomula mpya. Hii haina shida."

"Wewe tena?"

"Sasa nifanyeje?" Macho yalimlenga machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Mahakama imenitaka nilipe sehemu yangu. Nitalipaje fidia ya kaka nisipouza? Naifanya kwa ajili yake!"

Mama Tobo alimtazama mtu huyu, damu moja na mumewe, anayetaka kumlipia kaka figo zake kwa figo za watu wengine. Kulikuwa na matusi mengi mdomoni. Hakuna hata moja lililomtosha, akayameza.

Akamwacha hapo. Kesho yake akahamisha meza yake. Aliwaambia vijana wa mkokoteni wamletee robota upande wa samaki wakavu, na baada ya robota kiti cha lori, na juu ya kiti hicho Dereva mwenyewe, siku yake isiyo ya mashine, amevimba miguu, na bandeji mkononi. Aliwekwa pembeni mwa spika. Akalalamika kuhusu harufu ya samaki, kisha akatulia.

"Shemeji, utaniharibia," alisema Mkurugenzi.

Mama Tobo alipanda juu ya meza. Hakuchomoa nguo. Alichukua kopo la bluu kwenye ule mnara, akaligeuza chini juu, akaweka kidole chini yake, pale penye mayai ya chawa, akalinyanyua.

"Tobo liko hapa!"

Soko lilinyamaza kwa mazoea. Spika iliendelea peke yake kuhusu ngazi. Watu walitazama spika, wakamtazama mwanamke juu ya meza. Sauti ilikuwa moja.

Mama mmoja aliyekuwa ameshashika kopo na kufungua pochi alichanganyikiwa. "Sasa ni nani huyo anayeongea humo ndani?"

"Ni mimi," alisema Mama Tobo.

"Na huyo anayepanda ngazi?"

"Ndiye huyo, amekaa hapo. Msalimie."

Dereva aliinua mkono wenye bandeji. "Karibu, mama. Ngazi sijaziona bado."

Yule mama alimtazama miguu, akatazama spika, akamtazama Mama Tobo tena. "Sasa nimsikilize nani, dada? Maana nyote ni wewe."

"Nisikilize mimi wa hapa juu," alisema Mama Tobo. "Yule wa ndani walimlipa kopo moja."

Mama yule alirudisha kopo mezani, akafunga pochi. Mkurugenzi alinyoosha mkono akazima spika.